Ngoma Kuukuu za Fuma: Tuziwambe Wenyewe, au Tumpe Fundi?

Kusini ya Kismayu visiwa vya Wabajuni vimepangana sambamba na bara, Fuma, Koyama, Ngumi, Chovai na Chula, mpaka kufikilia Ras Kiamboni, ambako mpaka wa Somalia na Kenya huikata pwani ambayo kwa lugha, kwa nasaba na kwa vyombo vya kusafiria ni pwani moja. Wenyeji wake ni mabaharia na wavuvi, na Mtaliani Vittorio Grottanelli, aliyewaandikia kitabu kizima mwaka 1955, aliwaita kwa lugha yake wavuvi wa Bahari ya Hindi; lakini uvuvi pekee hauyatimizi maisha ya mwanadamu, na katika visiwa hivyo, kama ilivyo Faza, Siyu na Lamu, arusi haikukamilika pasipo zumari, upatu na ngoma. Ngoma zenyewe si za namna moja: liko vumi, nene, lenye sauti ya chini iendayo mbali; iko chapuo, ndogo, yenye ngozi pande mbili, ambayo ndiyo iichocheayo miguu ya wachezaji; na uko msondo, mrefu, wenye ngozi upande mmoja.

Tuchukulie, basi, kwamba katika nyumba moja ya watu wa Fuma, walioko Kismayu hivi leo, zimo ngoma tatu za namna hii, zilizochongwa kabla ya mwaka 1925, ambao ndio mwaka Waingereza walipowakabidhi Wataliani nchi ya Jubaland. Zikazisikia bendera zikishushwa na kupandishwa, ya Mtaliani, kisha ya Mwingereza aliyerejea kwa vita mwaka 1941, kisha ya Somalia huru mwaka 1960, nazo zikipigwa mwaka kwa mwaka bila ya kumwuliza mtawala. Kilichozinyamazisha ni mambo mawili. La kwanza ni vita vya 1991, vilivyowatawanya Wabajuni hata wengi wao wakajipakia majahazini wakakimbilia Lamu na Mombasa, wakawa wakimbizi kambini Jomvu. Na la pili ni ile miaka ya baina ya 2008 na 2012, Kismayu ilipokuwa mikononi mwa wapiganaji wa al-Shabaab, ambapo mtu mwenye akili hakutundika ngoma ukutani, bali aliifunga guniani akaitia uvunguni mwa kitanda. Leo zimetolewa. Chapuo ina ngozi moja iliyopasuka na nyingine iliyokauka ikawa ngumu. Vumi lina ufa ulioanza mdomoni ukateremka karibu na kiunoni. Na msondo una matundu madogo madogo ya bungua, na kila uinuliwapo huacha unga mweupe sakafuni.

Suala lililo mbele yetu ni hili: je, mwenye ngoma azitengeneze kwa mkono wake, au awape wajuao? Ili nilipime kwa insafu, nimeweka barazani, baada ya sala ya alasiri, watu sita wasio na majina, niliowaunda mimi kwa mithali ya watu wapatikanao katika kila mji wa pwani hiyo: Mwenye Ngoma mwenyewe, Fundi, ambaye ni mjenzi wa mashua, Nahodha, mzee aliyezijua pepo zote mbili, Mwalimu, Bibi, ambaye katika ujana wake alikuwa akiwaongoza wanawake katika vugo, na Kijana, mkoi wa Mwenye Ngoma, aliyekulia Mombasa. Mimi katibu wao tu, ila katibu mwenye ulimi.

Mwenye Ngoma alianza hivi: "Masalkheri jamaa zangu, na ahsanteni kwa kuitika wito. Ngoma hizi alizichonga mtu wa Fuma kwa tezo na patasi, bila ya cheti cha skuli yoyote, akaziwamba kwa ngozi ya mbuzi aliyechinjwa arusini, na zilipolegea akazipasha moto yeye mwenyewe, na zilipopasuka akaziwamba tena yeye mwenyewe. Basi ni kwa hoja gani mimi, niliye mjukuu wake, nikatazwe kulitia mkono jambo ambalo babu yangu alilifanya pasipo kumshauri mtu? Fauka ya hayo, fundi wa kazi hii hapa mjini mimi simjui. Wa kumtafuta ni Lamu au Mombasa, na nauli ya kwenda na kurudi, pamoja na ujira wake, itapita bei ya ngoma zenyewe zikipelekwa sokoni. Mbuzi ninaye, kisu ninacho, na kamba haikosekani katika mji wa wavuvi. Sikuwaita kuniruhusu, nimewaita mnisaidie nisikosee."

Akajibu Fundi: "Maneno yako, bwana, ni matamu, lakini yana taksiri ndani yake. Babu yako alikuwa akirejea kazi aliyoizoea tangu utotoni, na wewe unaianza leo. Naye alipoharibu ngozi ya mwaka huo alikuwa na mwaka mwingine wa kuisahihisha, ilhali wewe, mti huu ukikuharibikia, aliyeuchonga amekwisha kufa. Tena mtu asiyejua kazi aghalabu hukimbilia kusugua, kwa sababu kusugua ni kazi ionekanayo. Nimemwona mtu aliyerithi chapuo kongwe akaikwangua kwa kipande cha chupa, nje na ndani, mpaka mti ukawa mweupe, kisha akaipaka vanishi mara mbili; ikang'ara kama kabati la dukani, na watu wakamsifu. Alama za tezo ya mchongaji zikafutika, weusi wa mikono ya wapigaji ukafutika, na ukuta wa mti, ambao tangu asili ulikuwa mwembamba, ukazidi wembamba hata ngoma ikapungukiwa na uzito wa sauti. Mwenyewe hakujua kwamba ameharibu. Hilo ndilo lililonisikitisha."

Mwalimu alipoyasikia hayo alijisogeza mbele, kwa kuwa yalikuwa yakielekea alikotaka yeye. "Ikiwa hofu ni mkono usiojua," akasema, "basi dawa ni kuiweka turathi hii mahali penye wajuzi. Siwa mbili za mwambao wetu, ile ya Pate iliyotengenezwa kwa pembe ya ndovu, na ile ya Lamu iliyotengenezwa kwa shaba, zilikuwa zikipulizwa katika arusi za watu wenye nasaba. Leo zimehifadhiwa katika makumbusho ya Lamu, na kila mtoto wa skuli aweza kwenda kuzitazama. Je, zingeachwa mikononi mwa warithi, kila mmoja akizitengeneza kwa rai yake, zingefika zama zetu? Mwenye Ngoma na azipeleke Lamu kwa hati, ziwe amana."

"Mwalimu," akasema Nahodha, "hifadhi ni neno jema, lakini tuulize ni hifadhi ya kitu gani. Jirani zetu Wapokomo wa Mto Tana walikuwa na ngoma yao kuu, ngadji, ambayo kwayo wazee wao walikuwa wakihukumu na kuitiana. Maofisa wa Kiingereza wakaichukua mwaka 1902, na tangu mwaka 1908 imo katika Makumbusho ya Uingereza mjini London, wala si ukumbini mbele ya watazamaji, bali ghalani. Mti wake u salama, sina shaka. Hapana bungua, hapana unyevu, hapana mtoto wa kuikanyaga. Lakini Mpokomo aliyezaliwa jana, na baba yake, na babu yake, hakuna hata mmoja aliyepata kuisikia ikilia."

"Ile ilinyang'anywa, Nahodha. Mimi nasema amana, kwa hiari ya mwenyewe."

"Kwa hiari au kwa nguvu, ngoma isiyopigwa ni gogo lililochongwa vizuri. Na njia ya baina yetu na Lamu, wewe waijua, mara iko wazi, mara imefungwa. Amana ikishavuka Ras Kiamboni, kurudi kwake si kwa hiari ya aliyeiweka."

Hapa nami naomba nafasi ya maneno machache. Siwa na ngadji ni mifano mizuri, lakini yote miwili inazungumzia mahali pa kuweka kitu, hali Mwenye Ngoma aliuliza namna ya kukitengeneza. Na makumbusho, kwa ustadi wao wote, huihifadhi ngoma katika hali waliyoipokea, kwa kuwa kazi yao si kuiliza. Kama ngoma hizi zingekuwa ndizo za mwisho za aina yake, ningesimama upande wa Mwalimu bila ya kusita. Lakini vumi, chapuo na msondo zingali zikipigwa Lamu na visiwani mwake, na anayejua kuziwamba bado yupo. Upungufu ulioko Kismayu ni wa mikono, nao hauponi kwa kusafirisha miti.

Kijana, aliyekuwa amenyamaza kwa adabu ya wakubwa, aliomba ruhusa. "Shikamoo Bibi, shikamooni wazee. Mimi Mombasa nimepiga dramu katika bendi, zile za kizungu, ambazo mtu mmoja huketi katikati ya ngoma nyingi akaipiga kubwa kwa kuikanyagia. Na kikanyagio hicho, ambacho nyumba ya Ludwig ya Marekani ilikitoa kwa namna ya kufaa mwaka 1909, ndicho kilichomwezesha mtu mmoja kufanya kazi iliyokuwa ya watu wawili watatu. Hizo nazo zamani ziliwambwa kwa ngozi ya ndama, zikalegea kwa mvua kama zetu, mpaka miaka ya 1950 ilipokuja plastiki, na mwaka 1957 Remo Belli akafungua huko California kampuni ya kuitengeneza. Na tangu hapo mpiga dramu hana haja ya moto wala ya jua. Kwa nini sisi tusiwambe plastiki, tukapumzika na habari za mbuzi? Tena niwaambie, mabishano haya si yetu peke yetu: wenye dramu kuukuu Marekani na Ulaya hubishana vivi hivi, na wajuzi wao wengi husema, vyuma vya asili usivichovye upya, ganda la rangi ya asili usilibandue, hata kama limechunika, skrubu ya asili usiitupe, ama ngozi, badilisha upendavyo, kwa maana ngozi iliwekwa hapo ili ichakae."

Fundi akacheka. "Plastiki yako, mwanangu, huja imekwisha kubanwa katika pete ya chuma iliyo duara kamili. Hebu pima mdomo wa vumi hili kwa kamba: upande huu na upande huu havilingani, kwa kuwa aliyelichonga aliufuata mti, hakuifuata bikari. Ngozi mbichi haijali hilo. Hulala juu ya mdomo ulivyo, ikakauka kwa umbo lake. Ili pete yako ikae sawasawa, itanibidi niuchonge mdomo uwe duara, na hapo tumekwisha kuufanya ule uharibifu nilioueleza."

Bibi alikuwa akimsikiliza mjukuu wake kwa makini. "Neno lako la mwisho, babangu, limeyashinda yote ya mwanzo," akasema. "Ngozi iliwekwa ili ichakae. Basi ngozi si ya kuogopwa, na anayewatisha watu wasiiguse anawaonea. Mimi mikono yangu imeshika vugo na upatu zaidi ya chapuo, lakini mwimbishaji asiyejua ngoma imelegea saa ngapi ataimba peke yake. Nilikuwa nikiketi kando ya wawambaji, nikiwatazama. Mnataka kujua? Ngozi ya chapuo ni ya mbuzi, nyembamba; ya vumi ni ya ng'ombe. Msimamie mchunaji, usimwachie, maana wachunaji wana haraka, na kila kisu kinapoparuza upande wa ndani huacha mkwaruzo ambao leo huuoni, lakini ngozi ikishavutwa ikakauka, pale pale ndipo itakapoanza kuchanika. Manyoya yaondoe kwa chokaa au kwa majivu, kisha uioshe mpaka maji yatoke safi. Halafu uiroweke usiku kucha, na hapa ndipo walipoharibu wengi wa visiwani."

"Walifanyaje, Bibi?" akauliza Mwenye Ngoma.

"Maji matamu kule ni ya kuteka na kupimiana, na bahari iko mlangoni, mtu akaona uvivu, akaitumbukiza ngozi baharini. Ngozi iliyolowa maji ya chumvi hukauka mchana ikakuhadaa. Usiku ukiingia, chumvi iliyobaki ndani huvuta umande, na ngoma ikalegea katikati ya wimbo. Utaipasha moto, itakaza, na kitambo kidogo italegea tena, hata mpigaji ataulaumu mkono wake, na mwenye arusi atamlaumu mpigaji, na mwenye makosa ni aliyebana ndoo mbili za maji. Basi maji matamu, mwanangu, hata kama itakulazimu kununua. Ukiiwamba, vuta upande huu, kisha ule unaouelekea, usifuatishe kwa kuzunguka. Wala usiikaze mno ingali mbichi, kwa kuwa ngozi ikikauka hujikaza yenyewe, na iliyokazwa kwa pupa ama itachanika, ama itauvuta mdomo wa mti. Iache kivulini penye upepo. Jua kali hukausha juu kabla ya ndani."

Nahodha akataka kumtania. "Lakini wahenga, Bibi, walisema ngoma ikivuma sana hupasuka."

"Wahenga walikuwa wakiwasema majirani zao. Ngoma ikipasuka, mtazame aliyeiwamba."

Mwalimu, ambaye nilidhani atanuna kwa kukataliwa rai yake, alitoa daftari mfukoni. Akasema kwamba ikiwa ngozi itaondolewa, basi kabla ya kukatwa ukanda mmoja ichorwe namna kamba zilivyopita, zipi zinapanda na zipi zinashuka, na vigingi vingapi, na umbali wa kila kimoja hadi mwenziwe. Ipigwe picha kwa simu kutoka juu, chini na ubavuni. Na ngozi kuukuu isitupwe, ikunjwe iwekwe, kwani itakuwa ndicho kipimo cha unene wa ngozi mpya, na tena ni ushahidi wa mkono wa babu. Hakuna aliyepinga. Kwa kadiri nionavyo mimi, hilo ndilo lililokuwa jambo la maana kuliko yote aliyoyasema Mwalimu siku hiyo, nalo halihitaji makumbusho.

Mjadala ulipofika kwenye ufa wa vumi ndipo sauti zilipopanda. Fundi alisema kwamba ufa ni ufa, uwe wa chombo au wa ngoma. Atautia pamba iliyolowa mafuta, aipige kalafati kwa nyundo na chembeu, kisha alipake vumi lote sifa, ndani na nje, lisiingie unyevu tena.

"Sifa ya papa!" akasema Mwalimu. "Bwana arusi atakimbia."

"Harufu huisha," akasema Fundi, "ufa hauishi."

Nahodha aliinua mkono. "Fundi, wewe umenijengea chombo, na pamba yako haikuniacha baharini, kwa hiyo nikisema sikuvunjii heshima. Kalafati hushika chomboni kwa kuwa chombo kikishushwa majini mbao huvimba, zikaibana pamba; lakini vumi halitaogelea. Pamba uipigayo kwa nyundo katika ufa mkavu ni kabari, nao ufa utatembea mpaka chini, mbele ya macho yako. Pili, tazama upepo. Hii ni kaskazi, kavu, na mti sasa umesinyaa; mvua za masika zikija, na kusi nyuma yake, mti utakunywa unyevu, na ufa utajifunga sehemu yake wenyewe. Ukiujaza leo kwa gundi na unga wa mbao, mti utakapotaka kurudi mahali pake utapakuta pamekwisha kukaliwa, na utapasukia pengine ambako ulikuwa mzima. Chukua kalamu ya risasi, piga mstari mwembamba pale ufa unapokomea, andika na tarehe. Upitishe kusi moja na kaskazi moja. Ufa ukiuvuka mstari, tuitane. Ukibaki palepale, ufa huo umekwisha kuzeeka, hauna haja na wewe."

"Na mwaka mzima vumi lisipigwe?" akauliza Mwenye Ngoma.

Fundi alifikiri, na nilimpenda kwa kuwa hakuona haya kuiacha rai yake mbele ya watu. Akasema kuna njia ya kati: ukanda mpana wa ngozi mbichi ya ng'ombe, uliolowa, ukazungushwa vumi chini kidogo ya mdomo na kushonwa, ukikauka utasinyaa na kulikumbatia vumi, ufa usizidi kufunguka, na siku yoyote atakapotokea mtu ajuaye zaidi ataukata kwa kisu, asikute chini yake gundi wala msumari. Lipigwe kwa upole. Nahodha akaafiki, ila akasisitiza mstari wa kalamu ubaki.

Ukabakia msondo na bungua wake. Mwenye Ngoma alikiri kwamba nia yake ilikuwa kumimina mafuta ya taa katika kila tundu, kama watu wafanyavyo kwa vitanda na milango. Bibi alimtazama kitambo. "Ngoma utakayoisogeza motoni kila usiku wa arusi," akasema, "unainywesha mafuta ya taa?" Barazani watu wakaangua kicheko, naye pia.

Mwalimu akaeleza kwamba watunzaji wa makumbusho wana njia isiyotia kitu ndani ya mti: huifunga mbao barabara kwa plastiki, wakaiweka katika baridi ya digrii 18 chini ya sufuri kwa muda wa wiki mbili, na mdudu, na yai lake, vyote hufa, na wakiitoa hawaifungui papo hapo, bali huiacha ndani ya plastiki mpaka ipate joto la chumba, ili umande ushike plastiki, usishike mti. Friza za namna hiyo, akaongeza, katika mji ulao na uuzao kamba wa baharini si kitu cha kutafutwa. Wote wakamgeukia Nahodha, ambaye mwanawe ana friza.

"Msondo wa Fuma ulale na kamba?" akasema Nahodha. "Basi ufungwe plastiki tatu. Kamba wangu wana wanunuzi wenye pua."

Sasa niseme hukumu yangu, maana katibu naye hana budi kusimama mahali. Swali la kuwa ni mwenyewe au ni fundi liliulizwa likiwa moja, nami naona ni maswali mengi yaliyofungwa kamba moja, ambayo hutengana mara tu mtu anapouliza, juu ya kila tendo, kama laweza kurudishwa likikosewa. Ngozi hurudishwa: ikiharibika, mbuzi wengine wapo, na mkono uliokosea jana utakuwa umejifunza leo, wala hakuna njia nyingine ya mkono kujifunza, basi katika ngozi niko pamoja na Mwenye Ngoma, na ningemkataza kuipeleka Lamu hata kama nauli ingekuwa bure, kwa sababu atakayeiwamba Lamu ataondoka na ujuzi wake, na mwaka wa pili Mwenye Ngoma atarudi palepale. Ukanda wa Fundi hurudishwa, kwa kukatwa. Baridi ya friza haiachi kitu. Lakini kukwangua, kuchonga mdomo, kujaza ufa, kupaka vanishi, hayo hayarudi, na hapo sitofautishi baina ya Mwenye Ngoma na fundi mkuu wa Mombasa: nisingependa afanye hata mmoja wao, mpaka iwe ngoma haiwezi kulia pasipo hilo. Mtu atasema kwamba kwa kanuni hii ngoma zitabaki na sura mbaya. Zitabaki nayo. Kuukuu si aibu, na arusini watu huitazama miguu ya wachezaji.

Kijana aliuliza kama yeye, aliyezoea plastiki, aweza kuwamo katika kuwamba, na Bibi akamwambia kwamba yeye ndiye atakayevuta ngozi upande mmoja, na Mwenye Ngoma upande wa pili, na yeye Bibi ataketi katikati na fimbo, kwa kuwa chapuo ina nyuso mbili zenye sauti mbili, na mtu mmoja, hata akiwa na nguvu namna gani, huipendelea ile iliyo upande wake wa kulia. Wakakubaliana kuanza na chapuo peke yake, vumi liingojee, na msondo ukalale kwenye baridi.

Lililowashinda ni mbuzi. Mwenye Ngoma alisema ngozi ataitoa yeye, kwa hiyo na nyama ni ya nyumba yake. Nahodha akadai paja, kuwa ndiyo kodi ya friza. Fundi akasema mshauri naye ana fungu lake. Na Bibi, alipoona adhana ya magharibi inakaribia na hawajafika popote, alitaka kwanza kujua mbuzi mwenyewe ni dume au jike, na ana umri gani, kwani kama ni beberu mkongwe ngozi yake haifai chapuo, na nyama yake haimfai mtu.